Watoto wa wakimbizi shule za kijijini: wanaingia darasa la ngapi, na makande yao anachangia nani?

Chaki Nyeupe (Usa River)

Habari za jioni wakuu,

Kuna ubishi naukuta kila mahali siku hizi, kwenye kahawa, kwenye Hiace za Tengeru, mpaka ofisi ya walimu, kwamba watoto wa wakimbizi wasomee humo humo makambini au wachanganywe na wa kwetu kwenye shule za vijiji. Kinachonichekesha watu wanaongea kama vile jambo lenyewe ni geni nchi hii. Jamani! Makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yalianzishwa miaka ya sabini kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na watoto wao wamesoma mtaala wetu, kwa Kiswahili chetu, wamefanya mtihani wetu wa darasa la saba miaka nenda rudi. Baadae watu kama 162,000 wa makazi yale wakapewa uraia, vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Wengine mnakunywa nao chai kazini na hamjui.

Hawa wa Kigoma, kambi za Nyarugusu na Nduta, wao wamekuwa wakisoma mitaala ya makwao, Wakongo ya Kongo na Warundi ya Burundi, kwa hesabu kwamba ipo siku watarudi na waendelee walipoishia. Yani nchi moja swali moja majibu mawili, na yote yana sababu zake, kwahiyo asije mtu hapa na povu kwamba jibu liko wazi.

Mi ni mwalimu wa msingi. Nilianzia Longido, nikapangiwa upande wa Mpanda kwenye shule iliyo ndani ya yaliyokuwa makazi ya wakimbizi, sahivi niko huku Meru. Ninalotaka kulisema ni moja tu: mtoto mgeni anapona au anapotea siku ile anayopangiwa darasa. Sio siku ya mtihani, sio siku anayotaniwa uwanjani. Siku ile mwalimu wa zamu anamwangalia mara moja anasema "huyu Kiswahili hajui, peleka la kwanza".

Nimeliona hili kwanza Longido kabla hata sijamjua mkimbizi ni nani. Kijana wa miaka 12 au 13 alikuwa anachunga, baba yake kabadili mawazo kamleta shule, Kiswahili chake ni salamu tu. Anawekwa la kwanza, magoti yanagonga dawati, pembeni yake kuna mtoto wa miaka sita anayejikojolea. Yule kijana ng'ombe mia na hamsini anawajua mmoja mmoja, akikosekana ndama anajua kabla hajamaliza kuhesabu, alafu sisi tunamfundisha moja jumlisha moja kwa vijiti. Atavumilia mpaka mvua zinyeshe, zikinyesha anarudi kuchunga, humwoni tena. Kwenye rejesta tunaandika mtoro. Mtoro gani? Tumemfukuza kwa adabu.

Sasa mchukue mtoto aliyetoka vitani, kasoma miaka minne au mitano kwa Kifaransa na Kirundi, kakaa mwaka mzima au miwili bila shule yupo njiani, mfanyie vile vile. Kosa linakuwa kubwa zaidi maana huyu alikuwa mwanafunzi kweli, anajua anachopoteza.

Na dawa ipo, tena ni yetu. Tuna mpango wa MEMKWA tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, ilitengenezwa kwa watoto waliokosa kuanza shule kwa wakati, wadogo wakishasoma wanafanya mtihani wa darasa la nne wakifaulu wanaingia la tano na wenzao, wakubwa wa 14 mpaka 18 wana kundi lao. Shule ngapi za vijijini huku zina darasa la MEMKWA linaloishi sio la kwenye makaratasi? Hapo ndo nataka tujadili. Mtoto apimwe kwa anachokijua, apangwe darasa linalokaribiana na umri wake, na lugha apewe pembeni, saa moja kwa siku, miezi kadhaa. Anaweza. Katumba nyumbani kwao ni Kirundi, shuleni ni Kiswahili, na kufika la tatu ukiwaweka na wa Mpanda mjini humjui nani ni nani.

Karibuni. Matusi pelekeni kwenye uzi wa mpira.

Chalii wa Sakina

Mkuu una moyo wa peke yake. Huku kwetu Arusha vijijini kuna madarasa watoto wanabanana wanne dawati moja wengine wako chini, we unataka tuongeze? Sera inasema watoto 45 darasa moja, hao 45 nani kawahi kuwaona labda inglish midiam. Tundu moja la choo wasichana 20, wavulana 25, nenda kahesabu vyoo vya shule yoyote hapo porini urudi utuambie. Watoto wetu kwanza. Hao wengine si wanalelewa na Umoja wa Mataifa, wajengewe huko huko.

Mangi wa Kiboriloni

Wewe chalii hujui unachokiongea, umri wako unaonekana hahaha.

Mwaka 94 nilikuwa utingo kwenye lori, tunapeleka chakula Ngara. Ile Aprili mwishoni Wanyarwanda kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, nasema robo milioni, Moshi yote hii ya wakati ule haifiki hapo. Kambi ya Benaco ikawa mji kuliko miji. Hakuna aliyeuliza mtaala. Shule za vijiji vya jirani zililaliwa na watu, madawati mengine yaliishia kwenye mafiga maana usiku ule ubao ni ubao tu, ungekuwa wewe na watoto wako ungepika na nini? Wenyeji walilalamika, na haki yao walikuwa nayo kabisa. Ila baadae mashirika yalikuja yakajenga madarasa, yakachimba visima, barabara zikalimwa, na shule zingine zikawa na hali nzuri kuliko kabla wageni hawajafika. Niliyoyaona ni hayo: mwanzo mwenyeji anaumia, baadae anaweza akafaidika LAKINI ni kama kuna mtu amekaa kwenye kikao akamdai. Asipodai hela zote zinaishia ndani ya uzio wa kambi.

Chaki Nyeupe

@Chalii wa Sakina hoja yako ya madawati siipingi hata kidogo, mi nafundisha humo humo. Ila mambo mawili.

La kwanza sio hiari yetu. Mkataba wa Geneva wa 1951 kifungu cha 22 unasema mkimbizi kwenye elimu ya msingi atendewe sawa na raia, na Tanzania tuliingia kwenye mkataba huo 1964. Alafu Sheria yetu wenyewe ya Wakimbizi ya 1998 kifungu cha 31 inasema mtoto wa mkimbizi ana haki ya elimu ya msingi kwa mujibu wa sheria ya elimu ya 1978. Wapi atasomea ndo mjadala, kama atasoma ule mjadala ulishafungwa.

La pili, unalosema wajengewe kambini, sawa, wanajengewa, afu nini? Kambi hazidumu. Mtabila ilifungwa 2012, Mtendeli 2021. Ukijenga darasa kijijini litabaki la kijiji hata wageni wakiondoka. Mangi kasema vizuri hapo, hela ya wageni ikijenga ndani ya uzio siku uzio ukitoka unabaki na msingi na nyasi.

Na kitu watu wengi hawakijui: ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo kuna inayobaki juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo inafuata mtoto aliyesajiliwa. Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, hana namba ya PREM ya usajili wa mwanafunzi, kwenye hesabu za shule hayupo japo kakaa mbele yako anakutolea macho. Mwalimu mkuu akimpokea anampokea kwa hasara, anakula chaki za wenzake. Kwahiyo wakuu wengi wa shule sio wabaya, wanapiga hesabu tu. Mtoto mgeni aje na usajili wake na hela yake, uone kama atakataliwa.

Mama Wawili, Ngaramtoni

Mwalimu umeongea vizuri kuhusu darasa ila naona umepitia mbio hapo kwenye makande na umeyaandika wewe mwenyewe kwenye kichwa cha uzi. Naomba niseme mimi maana nipo kamati ya shule, na ugomvi wote wa mzazi mwenyeji na mzazi mgeni unaanzia kwenye sufuria, hauanzii kwenye mtaala.

Utaratibu wetu kila mzazi anatoa mahindi na maharage kwa kila mtoto, na kidogo ya mpishi na mlinzi. Mwenye shamba anatoa baada ya mavuno hasikii uchungu sana. Sasa sisi huku tuna familia ambazo sio wakimbizi lakini ni wageni kabisa, watu wa mikoani wamekuja kufanya kibarua kwenye mashamba ya maua na ya kahawa, wamepanga chumba kimoja, hawana hata tuta la mchicha. Mahindi wayatoe wapi? Wanunue sokoni Kilombero kwa bei ya dukani? Basi mwanzoni kamati ikaamua ambaye hajachangia mtoto wake hali. Kengele ya mchana inagonga watoto wanapanga mstari na mabakuli, wengine wanaambiwa nendeni kacheze. Mtoto wa darasa la pili anachezaje na njaa na harufu ya maharage ile? Walikuwa wanakwenda kukaa nyuma ya choo ili wasionekane. Wiki mbili tatu mtoto haji tena, na mama yake ukimwuliza anakwambia anaumwa tumbo, ndio, linauma kweli.

Nikasema kwenye kikao, hii sio shule hii ni mgahawa. Kukawa na kelele, kuna baba mmoja akasema "sisi tulime wao wale?" na nusu ya kikao wakampigia makofi. Nikasubiri wamalize. Nikauliza kuni za kupikia tunanunua kwa nani na kwa shilingi ngapi? Maji yanatekwa na nani? Uzio unaoanguka kila masika nani anaurudishia? Kimya. Tukakubaliana asiye na shamba anachangia kuni, au maji, au siku ya kazi. Na yule baba aliyepiga kelele ndo akapewa daftari awe anaandika nani kaleta nini, basi akanyamaza mpaka leo maana daftari linamwonyesha mwenyewe kwamba vibarua wanatoa kuliko yeye.

Kwahiyo wakija wakimbizi au wasije, kamati ya shule ikalie kikao hilo kabla ya siku ya kwanza. Mkisubiri mpaka mtoto asimame kwenye mstari na bakuli tupu mmeshachelewa.

Chalii wa Sakina

Mama Wawili hilo la daftari nimelipenda. Bado nasimama kwenye madawati lakini.

Mama Uvira

Mimi ni Mukongo wa Uvira, niko hapa Arusha na karatasi zangu zote za biashara, si mkimbizi, lakini mambo anayosema mwalimu yalinipata na mtoto wangu kwa hiyo naandika. Kiswahili changu mutanisamehe.

Kijana wangu alikuwa na miaka 12, kule kwetu alimaliza mwaka wa tano wa primeri. Shule moja ya huku nje ya mji wakamuweka darasa la tatu. Kiswahili alikuwa anaongea vizuri kabisa, ya kwetu lakini wanamusikia, Kingereza ndio alikuwa hajui. Haya nikasema sawa. Baada ya wiki anarudi na daftari ya hesabu yote ni mikasi, mikasi, mikasi, sifuri. Huyu mtoto kwetu hesabu ndio alikuwa wa kwanza. Nikaangalia ile daftari usiku, majibu ni ya kweli yote!

Kumbe kugawanya kwetu tunaandika kwa namna ya Wabelgiji na Wafaransa, namba unayogawanya iko kushoto na ile unagawanyia iko kulia na kale kamustari, jibu linaandikwa chini yake. Huku munaweka kwa upande mwingine na jibu liko juu. Mwalimu anaangalia anaona fujo, anapiga mkasi. Na moja yetu tunaiandika na mkono mrefu mbele, mwalimu anaisoma saba. Saba yetu tunaikata katikati, anafikiri mtoto ameifuta. Na nukta ya desimali sisi tunaweka mkato. Mtoto alikuwa anapata 17 anaandika 17 mwalimu anasoma 77.

Nilienda shule nikakaa na mwalimu taratibu, sikupiga kelele, nikamuomba agawanye 156 kwa 12 kwa njia yake na mtoto kwa njia yake. Wote 13. Yule mwalimu alicheka mpaka akashika meza, akaita wenzake. Wakamupa karatasi ya darasa la tano ya hesabu, akafanya, wakamupandisha. Kingereza alishika mbele kwa mbele. Sasa niambieni mama ambaye yuko kambini, au amefika kijiji hajui mtu, anaogopa hata kumuangalia mwalimu usoni, nani ataenda kumusemea mtoto wake?

Chaki Nyeupe

Mama Uvira nimesoma hii mara mbili. Hiyo ya kugawanya ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye ukuta wa kila ofisi ya walimu kuanzia Kasulu mpaka hapa. Walimu wenzangu tuwe wakweli, wangapi kati yetu tukikuta kigawanyo kimekaa kulia tungekaa kitako tukafuatilia? Una madaftari 80 ya kusahihisha na jua linazama, mkasi ndo wa haraka.

Fundi Njoro

Niko Moshi, fundi wa kuchomelea, nimezaliwa Mishamo. Babu na bibi ndo waliokimbia, mzee wangu alikuja mgongoni.

Naunga mkono mwalimu ila niongeze upande ambao hamuuoni. Mnaongea kama safari ni ya kuja tu. Kuna ya kurudi. Ile 2007 na 2008 tulipoulizwa nani anataka uraia nani anataka kurudi Burundi, kama asilimia 80 tulibaki, wengine wakarudi, na humo walikuwepo watoto wa baba mdogo niliokuwa nasoma nao. Walikuwa wamefika madarasa ya juu kabisa huku, wamesoma Kiswahili, wanaandika Kiswahili kuliko wewe chalii. Wamefika kule shule ni Kirundi na Kifaransa. Kirundi wanakiongea cha nyumbani, kukiandika hawajui. Kifaransa ndo kabisa. Wakarudishwa chini na watoto wadogo. Yani kule walikuwa Watanzania, huku tulikuwa Warundi. Mmoja aliacha akaenda kuvua samaki ziwani.

Kwahiyo wanaosema mtaala wa kambini uwe wa kwao ili wakirudi wasiteseke, nawaelewa, hawajatunga. Na wanaosema wasome wa Tanzania nawaelewa pia maana mimi ndo zao lake. Shida hakuna anayejua mtoto atakuwa wapi baada ya miaka kumi. Wazee wangu waliambiwa ni ya muda, wamekaa miaka zaidi ya arobaini.

Alafu kitu kingine kilichotuumiza sana ni kukaa bila kujulikana. Tulishakubali uraia, tukaambiwa makazi yatafungwa tutasambazwa mikoa mingine, mpango ukaanza ukasimama. Miaka yote ile nani atajenga darasa jipya sehemu inayotakiwa kufungwa? Shule zilichakaa tukiwa tunazitazama. Watoto walichangamana vizuri tu, walimu walikuwa wa kutoka huko huko kwenu Kilimanjaro wengine, kilichotushinda ni bati.

Mangi wa Kiboriloni

Pole sana fundi. Na karibu Kiboriloni nina geti linataka kuchomelewa.

Kijana Njiro

Wadau niliwahi kufanya kazi upande wa Arua kule Uganda kaskazini, makazi kama Bidibidi yaliyofunguliwa 2016 kwa watu wa Sudan Kusini. Kule walishaamua zamani: mkimbizi anapewa kipande cha ardhi, mtoto anasoma mtaala wa Uganda, na shule ni za wote wenyeji na wageni. Kuna kanuni wanaiita ya 70 kwa 30, msaada ukija asilimia 30 iende kwa wenyeji. 2018 wakatoa mpango mzima wa elimu kwa wilaya zinazopokea wakimbizi, baada ya lile azimio la Djibouti la nchi za IGAD (umoja wa nchi za Pembe ya Afrika) la Desemba 2017. Kenya nao walianzisha Kalobeyei kule Turkana kwa wazo hilo hilo la shule za pamoja.

Ila msidanganyike kwamba ni peponi. Nimeona darasa la kwanza watoto zaidi ya mia mbili chini ya turubai, mwalimu mmoja, anaongea kwa kipaza sauti kama mhubiri. Na madarasa ya chini wanatakiwa kufundisha kwa lugha ya eneo, sasa eneo lina makabila ya Sudan Kusini manne na ya Uganda mawili, lugha ya eneo ni ipi? Kilichowasaidia ni walimu wasaidizi waliotoka kwa wakimbizi wenyewe, anakaa darasani na mwalimu wa Uganda, anatafsiri, anatuliza. Wengi walikuwa walimu kamili kwao. Hapa kwetu tukiiga tuige hicho.

Chaki Nyeupe

@Kijana Njiro hapo kwenye mwalimu msaidizi ndo penyewe. Longido tulikuwa tunafanya kienyeji, unamwomba mtoto wa la sita anayejua Kiswahili na Kimaa akae na la kwanza asubuhi. Sera inasema Kiswahili, ndio, lakini bila huyo utaongea na ukuta mpaka Juni.

Na tena kwa Warundi kuna bahati ambayo watu wa huku kaskazini hatuijui: Kirundi na Kiha vinasikilizana. Mwalimu Muha wa Kibondo au Kasulu akimpokea mtoto Mrundi anamwelewa hapo hapo. Mimi Mmeru ndo nilikuwa kiziwi Katumba, mpaka mpishi wa shule akawa mkalimani wangu, watoto wananicheka naona tu meno sijui nimesemwa nini. Na Wakongo wa Kivu Kusini wanaoishi Nyarugusu wengi Kiswahili wanacho tayari. Kwahiyo hii hofu ya lugha tunaikuza.

Enkai Boy

mbona mnazunguka mbali, watoto wa Ngorongoro waliohamishiwa Msomera Handeni toka 2022 je? hao nao sio wageni kwenye shule za watu?

Chaki Nyeupe

@Enkai Boy hao sio wakimbizi, ni raia ndani ya nchi yao, na suala lao lina uzito wake na lina nyuzi zake humu, nikiligusa hapa huu uzi utafungwa kabla ya usiku. Kwa upande wa darasani tu nakubaliana na wewe, mwalimu wa Handeni aliyepokea mtoto anayeongea Kimaa ana kazi ile ile niliyokuwa nayo Longido.

Na kwa kuwa umetaja Handeni, ndo huko huko kuna Chogo. Wale Wasomali wenye asili ya Kizigua, mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa bonde la Juba, vita vya 1991 vikawarudisha Tanga, wakakaa Mkuyu kisha Chogo kuanzia 2003. Wamepewa ardhi, watoto wanasoma shule ya Kitanzania, na wengi wameshapata uraia. Kule hakukuwa na kelele nyingi, sababu mojawapo wazee wa Handeni waliwasikia wanaongea Kizigua wakasema hawa ni wetu. Sio kila mgeni ana bahati hiyo ya kuja na lugha ya mwenyeji mdomoni.

Chalii wa Sakina

Sawa ticha, tuseme umenipata nusu. Nikuulize kitu, matokeo. Mzazi wa kijijini anaangalia wastani wa shule darasa la nne na la saba. Ukiniletea watoto 30 wasiojua lugha mwezi wa tatu, mtihani wa taifa wa la nne ni Oktoba au Novemba, shule inaporomoka, mwalimu mkuu anaitwa wilayani kujieleza. Nani atamtetea?

Chaki Nyeupe

Hilo ndo swali zuri kuliko yote uliyouliza leo. Na jibu langu halitakufurahisha: kwa jinsi tunavyopima shule sasa hakuna wa kumtetea. Ndo maana anampeleka la kwanza, huko hakuna mtihani wa taifa, namba zinabaki safi. Umeona sasa? Mtoto hawekwi la kwanza kwa sababu hajui, anawekwa la kwanza ili asionekane kwenye wastani. Mimi ningekuwa na kauli ningesema mtoto aliyefika ndani ya mwaka huo afanye mtihani kama wenzake ila asihesabiwe kwenye wastani wa shule mpaka mwaka unaofuata. Hakuna gharama hata ya chaki moja.

Ticha Namanga

Mwalimu mwenzangu nimefuatilia kimya kimya toka mwanzo. Huku mpakani tunapokea watoto wa kila aina, wengine wametoka kusoma Kenya mtaala wao, wengine hawajasoma kabisa. Ile kupima unafanyaje kivitendo? Maana mimi nikiambiwa nimpime nampa mtihani wa muhula wa pili wa darasa husika, anafeli, mchezo umeisha.

Chaki Nyeupe

Hapana usimpe mtihani wa shule, ule umejaa maneno. Mi nafanya hivi na inachukua nusu saa.

Kwanza muombe daftari la zamani kama analo, hata limelowa. Wengi wanakuja nalo, utashangaa, mtu kakimbia kaacha godoro kabeba daftari. Linakwambia alifika wapi kuliko barua yoyote.

Pili hesabu tupu bila maneno. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha tarakimu mbili, kugawanya, sehemu, desimali, eneo la mstatili lenye picha. Unaanza rahisi unapanda mpaka akwame, pale alipokwama ndo darasa lake la hesabu. Angalia jibu usiangalie alivyopanga, mmemsikia Mama Uvira.

Tatu asome chochote kwa lugha yoyote aliyosomea. Hata Biblia ya Kirundi au ya Kifaransa. Huhitaji kuelewa, sikiliza anateleza au anadonoa herufi moja moja. Anayesoma vizuri lugha moja kusoma Kiswahili ni suala la wiki, herufi ni zile zile. Asiyejua kusoma kabisa ndo wa kuanza naye chini, na hata huyo kama ana miaka 13 mpeleke MEMKWA usimpeleke la kwanza.

Nne muulize mama yake umri wa kweli, sio wa kwenye karatasi. Umri kwenye karatasi za safari unabadilika badilika kwa sababu ambazo sio za kwetu kuzihukumu.

Nikishapata hapo nampanga darasa moja chini ya umri wake kwa ubaya kabisa, sio zaidi. Na mtafutie mwenzake wa kukaa naye dawati, mchague yule mwenye maneno mengi, sio yule mwenye akili sana. Mwenye maneno mengi ndo anafundisha lugha.

Mama Wawili, Ngaramtoni

Na amwonyeshe choo na bomba siku ya kwanza. Wageni wengi wanabana mkojo mpaka nyumbani kwa aibu ya kuuliza.

Ticha Namanga

Asante sana wote wawili. Hiyo karatasi ya hesabu unayo? Nina wanne wamekuja wiki hii.

Chaki Nyeupe

Ninayo ya kuandika kwa mkono, ya la pili mpaka la sita. Kesho nikipita stesheneri hapo Usa naiskani naiweka hapa, mtu yeyote achukue aprinti.

Mama Uvira

Mwalimu weka na mufano moja wa kugawanya kwa njia zote mbili, ili nao walimu wengine waone.

Chalii wa Sakina

Na mimi nitaichukua, dogo wangu yuko la nne na kugawanya hajui kwa njia yoyote.